Wasomaji Wauliza: Matembezi Kandokando ya Bwawa la Ndakaini

Tangu tuchapishe makala fupi kuhusu Bwawa la Ndakaini katika toleo lililopita, barua zimekuwa zikitufikia kwa wingi, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, pale ni mahali pa kujiburudisha, au ni tangi la maji tu lililofichwa vilimani? Kwa asiyeisoma makala hiyo, ilieleza kwamba bwawa hilo, ambalo pia huitwa Bwawa la Thika, liko Gatanga katika Kaunti ya Murang'a, kiasi cha kilomita 80 kutoka Nairobi. Kwamba lilikamilika mwaka 1994. Na kwamba linaweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70 za maji yanayoletwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu. Nimechagua maswali sita, na yale yaliyofanana nimeyajibu pamoja.

Ndugu Mhariri, mimi na vijana wenzangu wa Kayole, kumi na wanne kwa jumla, tunapanga kukodi matatu twende Ndakaini siku ya Jumapili. Watatu kati yetu wamezaliwa Homa Bay na wanajua kuogelea tangu utotoni. Tumeambiwa kwamba hairuhusiwi kuingia majini, lakini mwenzetu mmoja anashikilia kwamba katazo hilo ni la kutishia watu tu. Kuna ubaya gani mtu akijitosa pembeni kwa dakika kumi?

Kijana wangu, aliyewaambia hivyo amewatakia mema, nanyi msikilizeni. Sababu ya kwanza inahusu matumizi ya maji yenyewe. Kwa miaka mingi Ndakaini imetajwa kuwa chanzo cha zaidi ya asilimia 80 ya maji ya bomba ya Nairobi. Yakitoka bwawani hupitia mahandaki na mabomba hadi mtambo wa kusafishia maji wa Ng'ethu, kisha huteremshwa hadi matangi ya Gigiri, na kutoka hapo ndipo husambazwa mitaani, Kayole ikiwemo. Nakubali kwamba jasho la vijana kumi na wanne haliwezi kuharibu maji mengi kiasi hicho, na kwamba mtambo upo kwa kazi hiyo hiyo ya kusafisha. Lakini mkiruhusiwa ninyi Jumapili hii, Jumapili ijayo watakuja mia nne, na pamoja nao sabuni, chupa, nepi za watoto na muziki wa spika, na hapo mlinzi wa lango atakuwa na neno gani la kuwaambia?

Sababu ya pili ndiyo inayoua, nami nataka wale watatu wa Homa Bay waisome kwa makini, kwa kuwa anayejua kuogelea ndiye anayethubutu. Bwawa halina tabia za ziwa. Sehemu nyingi za ufuo wa Ziwa Victoria huteremka taratibu, ukatembea hatua ishirini maji yakiwa bado kiunoni. Bwawa kama Ndakaini ni bonde la mto lililozibwa kwa ukuta wa udongo wenye kimo cha mita 65, kwa hiyo kile mnachokiona kama ufuo kwa kweli ni ubavu wa kilima, na hatua ya tatu inaweza kuwa ya mwisho kugusa ardhi. Isitoshe, ukingo wenyewe hauna makao. Jiji hunywa kila siku, mvua hunyesha kwa msimu, na kina cha maji hupanda na kushuka. Wakazi wa Nairobi wanaikumbuka Januari ya mwaka 2017, mgao wa maji ulipoanza kwa sababu bwawa hili lilikuwa limepungua mno. Maji yakishuka huacha ukanda wa tope ambao juu umekauka na kupasuka kama uwanja wa mpira, ilhali chini yake ni uji. Pabaya zaidi ni pale mito inapoingilia bwawani, kwa kuwa hapo ndipo mashapo hutua. Mtu hunasa hadi mapajani, na anayemkimbilia kumvuta hunasa kando yake.

Kisha kuna baridi. Kiswahili huyaita maji yasiyo na chumvi maji baridi, na Ndakaini jina hilo ni la kweli kwa maana zote mbili: bwawa likijaa, uso wake uko mita zipatazo 2,040 juu ya usawa wa bahari, chini ya misitu ya Nyandarua. Mwili uliozoea maji vuguvugu ukitumbukia humo ghafla hutwaa pumzi kwa nguvu bila hiari, na pumzi hiyo ikichukuliwa kichwa kikiwa chini ya maji, uhodari wote wa utotoni hauna msaada. Karibu na mnara wa kutolea maji kuna hatari nyingine tena, yaani mvuto wa chini ambao uso wa maji hauonyeshi dalili yake yoyote.

Basi tembeeni juu ya ukingo, pigeni picha kwa idhini ya walinzi, kuleni chakula chenu juu ya nyasi. Chukueni pia mtungi mtupu wa plastiki wa lita 20 wenye kifuniko kinachobana vizuri, mkaufunge kamba ndefu kwenye mkono wake. Mwenzenu akiteleza na kuanguka majini, asijitose mtu kumfuata. Mrushieni mtungi huo aukumbatie, kisha mvuteni. Ni kifaa cha uokoaji ambacho karibu kila nyumba ya Kayole inacho tayari, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu jaketi la kuelea.

Mheshimiwa Mhariri, ninaishi Likoni, umri wangu ni miaka 46, na kila Jumamosi hukimbia kilomita kumi bila taabu. Marafiki zangu wa Thika wamenialika nikakimbie nao njia ya nusu marathoni ya Ndakaini. Je, nitaiweza?

Kaka, kilomita kumi za Likoni na kilomita kumi za Gatanga hazilingani. Mbio za nusu marathoni za Ndakaini, zilizoanzishwa mwaka 2004 na chama cha kuhifadhi mazingira ya bwawa hilo kwa shabaha ya kulilinda na kupanda miti, hufuata barabara za vilima vilivyolizunguka, kwa hiyo utakuwa ukipanda au kuteremka karibu muda wote, na palipo tambarare ni haba. Juu ya hayo, katika kimo cha mita 2,000 kanieneo ya hewa imepungua kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ufuoni, na kila pumzi inakupa oksijeni pungufu kwa kiasi hicho hicho. Moyo utapiga mbio kabla miguu haijachoka, na kichwa chaweza kukugonga jioni ya siku ya kwanza.

Ningekuwa mimi, ningefika angalau siku tano kabla, siku mbili za kwanza nitembee tu, ya tatu nikimbie kilomita nne au tano kwa mwendo wa kuweza kuzungumza na mwenzangu, kisha niamue. Ukihisi kizunguzungu au kifua kubana, simama. Hakuna anayekudai medali. Usidanganywe na baridi ukadhani mwili hautoki jasho, wala usiache kofia, kwa sababu jua la nyanda za juu huchoma hata penye ukungu. Kwa upande wa msimu, Januari na Februari ni miezi mikavu na mizuri. Machi hadi Mei mvua ya masika hugeuza barabara za udongo mwekundu kuwa sabuni. Na Juni hadi Agosti ni ukungu na baridi ambayo mtu wa Pwani, nisamehe kusema, hataipenda.

Je, inaruhusiwa kuvua samaki Ndakaini? Nimesikia kwamba mito ya huko ina samaki aina ya trauti. (Msomaji wa Ruiru)

Usitupe ndoana bwawani pasipo idhini ya wanaolisimamia. Trauti ulizosikia ni za kweli, ila makao yao ni mito ya baridi inayotiririka kwa kasi ndani ya misitu ya Nyandarua, kama vile Kimakia na Chania, ambako mbegu ya samaki hao iliingizwa kutoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Samaki huyu anahitaji maji yenye oksijeni nyingi, ndiyo maana humkuti mto ukishateremka na kupata joto. Utahitaji leseni ya uvuvi na ruhusa ya kuingia msituni, nawe ulizia kwanza kwenye kituo cha misitu badala ya kumfuata kijana wa barabarani anayekuambia kwamba yeye ndiye ruhusa.

Mhariri, mimi ni mzee mstaafu wa Lang'ata. Watu wanasafiri kilomita 80 kwenda kuona maji, na hali Nairobi ina bwawa lake hapa hapa, kati ya Lang'ata na Kibera. Ujanani mwangu tulikuwa tukienda pale Jumapili kutazama mashua za tanga. Leo nikipita naona majani na takataka tu. Lilikufaje bwawa lile, na je, laweza kufufuka?

Shikamoo mzee. Barua yako ndiyo iliyonifanya nitamani ukurasa huu ungekuwa mrefu zaidi, na wengi waliozaliwa baada ya mwaka 1990 watadhani unawasimulia ngano.

Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 ili liwe akiba ya maji ya jiji wakati wa dharura. Lilienea takriban ekari 88, na kwa kuwa lilikuwa na upepo na nafasi, wenye mashua za tanga walilifanya uwanja wao na kuanzisha klabu ukingoni. Maji yake yaliletwa na mto Motoine, na yaliyotoka upande wa pili yakaitwa mto Ngong. Kina chake hakikuwa kikubwa, wastani wa chini ya mita tatu, na jambo hilo dogo ndilo lililoamua hatima yake. Bonde lenye kina cha makumi ya mita laweza kumeza matope kwa miaka mingi bila kuonyesha dalili. Bwawa la kina cha mita tatu likimeza matope ya miaka thelathini huwa kinamasi.

Halafu mji ukakua. Maelfu ya watu walipewa, au tuseme waliachiwa, kuishi kwenye miteremko ya Kibera pasipo mfereji wa majitaka wala ukusanyaji wa taka wa kuaminika, na mvua ikafanya kazi ambayo mji haukuifanya, ikisomba kila kitu kukipeleka chini bondeni. Wako wanaowalaumu wakazi, nami siko pamoja nao. Mtu asiyewekewa choo hawezi kusingiziwa kwamba ameharibu bwawa. Uchafu huo una rutuba, na rutuba hiyo ndiyo iliyokaribisha gugumaji, mmea ambao huelea na kuzaana hadi ukaufunika uso wote, ukauzuia mwanga, nao ukifa na kuoza hutumia oksijeni iliyobaki majini. Mashua zikakosa njia, wenye mashua wakahama, na asiyekuwepo ukingoni hana sababu ya kupiga kelele. Nadhani hili la mwisho ndilo tunalolisahau: watembeaji na wapenda mashua walikuwa macho ya bwawa, na walipoondoka likabaki bila shahidi.

Kuhusu kufufuka, kung'oa gugumaji na kuchimbua matope ni kazi inayoonekana na inayopigwa picha, na imewahi kufanywa pale zaidi ya mara moja, lakini gugumaji likatokea upya kwa kuwa rutuba iliyolilisha iliendelea kuja. Kazi yenyewe iko juu ya bwawa, katika mabomba ya majitaka na vyoo vya Kibera na kando ya Motoine. Hiyo ikifanywa, bwawa lina uwezo wa kurudi. Isipofanywa, trekta litaendelea kuchimba.

Kuna jambo moja la jiografia ambalo hunishangaza kila ninapolifikiria, nawe mzee utalipenda. Mto Thika, unaojaza Ndakaini, ni mkono wa mto Tana, ambao humwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Mto Ngong hujiunga na mto Nairobi, kisha Athi, na mwisho wake ni Sabaki, karibu na Malindi. Nairobi basi hunywa kutoka Tana na kutema katika Athi, na mtu wa Malindi hupokea kile ambacho hakuwahi kuonja kikiwa safi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kiambu. Ningependa kuwapeleka wanafunzi arobaini wa Gredi ya 6 wakaone bwawa na wapande miti. Nianzie wapi, na je, kuna ndovu?

Mwalimu, anzia kwenye karatasi. Andika barua kwa kampuni ya maji ya jiji, inayoliendesha bwawa, wiki kadhaa kabla ya safari, utaje idadi ya wanafunzi na walimu, na uombe mfanyakazi wa kuwaongoza, kwa maana mwongozo wa mtu anayejua vali iko wapi na maji yanapitia njia gani una faida kuliko saa tatu za kutazama maji kwa mbali. Kila mtu mzima apewe wanafunzi wake wachache kwa majina, wala asiwaache hata wakati wa kula. Piga mstari wa kutovuka, mbali na maji, kabla hawajashuka kwenye basi.

Kuhusu ndovu, wapo katika misitu ya Nyandarua, lakini hifadhi ile imezungushiwa ua wa umeme wenye urefu wa takriban kilomita 400 uliokamilika mwaka 2009, na shughuli zenu zitakuwa nje yake. Waambie watoto wasiuguse ua huo wakiuona. Mkitaka kuingia msitu wa serikali, ruhusa ni ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zibaki nyumbani, kwa kuwa tangu Juni 2020 zimepigwa marufuku katika misitu na maeneo mengine ya hifadhi. Kila mtoto abebe chupa ya kujazwa tena.

Sasa miti. Shule nyingi hufika na mche wa mkaratusi kwa kuwa ni rahisi na hukua upesi. Tafadhali usiulete ukingoni mwa maji. Mti huo hunywa sana, na pale tunahifadhi maji. Uliza kitalu cha wenyeji miche ya kiasili ya eneo hilo, kama muiri, au mianzi ya milimani, na mpande mahali mtakapoonyeshwa. Wakati mwingine jibu litakuwa kwamba hapahitajiki mti bali majani. Wakulima wengi wa juu ya mabwawa haya hupanda mistari ya mabingobingo kukingama mteremko ili yazuie udongo na kulisha ng'ombe kwa pamoja, na tangu mwaka 2015 uko mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi unaowasaidia kufanya hivyo, kwa hesabu rahisi kwamba udongo ukibaki shambani mkulima huvuna zaidi, na Ng'ethu hutumia dawa kidogo kusafisha maji. Waombe wakulima wawili watatu wawaonyeshe wanafunzi mashamba yao. Kijiko cha udongo kikikorogwa ndani ya glasi ya maji, kisha glasi ikawekwa mezani hadi basi liondoke, kitafundisha somo la mashapo kuliko ubao.

Mama yangu ana miaka 78, magoti yanamsumbua, na angependa kukaa karibu na maji na miti, lakini safari ya Gatanga hawezi. Tufanyeje? (Binti wa Umoja)

Dada, msalimie mama sana. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000 na uliookolewa kwa mapambano ambayo Profesa Wangari Maathai aliyaongoza hadi akapigwa Januari 1999, una ziwa dogo la mayungiyungi ambalo mtu anaweza kukaa kandokando yake bila kushuka mteremko mkali. Msimpeleke kwenye maporomoko, kwa sababu kuteremka huko ni rahisi na kupanda kurudi ndiko kutakakomwadhibu. Ikiwa hata mwendo wa Karura ni mrefu, Bustani ya Miti ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1907 kwenye takriban hekta 30 karibu na Barabara ya Ikulu, ina njia zilizosakafiwa, viti na kivuli kingi, ingawa maji utakayoyaona ni ya kijito tu. Nendeni siku ya kazi, asubuhi, kabla ya vikundi vya Jumapili na wapiga picha za harusi. Mchukulieni shuka la kujifunika miguu na chupa ya chai, na mwangalie tumbili, kwa kuwa hawana adabu mbele ya mkate wa mtu mzima.